Mkwe Aliyeacha Njia

Sabuni ya kwanza ninayoikumbuka kwa harufu ilitoka Zambia. Nilikuwa mtoto, tunaishi kijijini nje kidogo ya Njombe, karibu na misheni, na miaka ile rafu za duka zilikuwa wazi. Mama alifulia maji ya majivu. Mjomba alikuwa kibarua wa reli ya kwenda Zambia, pale Makambako, siku moja akaja na kipande cha sabuni kimefungwa kwenye gazeti. Mama hakukitumia. Alikiweka sandukuni katikati ya nguo za kanisani, na Jumapili tukienda misa tulinukia Zambia. Watoto wengine walitufuata nyuma kutunusa.

Kwa hiyo nilikua najua kwamba treni inakokwenda ndiko kwenye maisha. Nimeolewa Makambako, nimezaa, nimesoma madarasa ya jioni huku nanyonyesha mpaka nikafanya mtihani wa kidato cha nne, nimefungua banda langu la maharage na viazi pale malori yanaposimama, na bado niliamini hivyo. Madereva wa Zambia walinunua kwangu na kusema, "Mama, huku kwenu vitu rahisi, sisi tunateseka." Niliwaona watu wanaotaka kupunguziwa bei tu.

Ndiyo maana Mzambia mmoja, fundi wa injini za malori, alipomtaka binti yangu wa kwanza, sikusumbuka sana. Kijana alikuwa amekaa Makambako miaka kadhaa, Kiswahili anakijua, anasali parokia yetu, hanywi pombe, hata ulanzi. Ni Mbemba, kwao ni upande wa migodi ya shaba. Alileta mahari, tukapokea, wakafunga ndoa kanisani. Kina mama wa jumuiya waliniambia, "Mwenzetu umeula." Baadaye akapata kazi kwao, kwenye karakana inayotengeneza mitambo ya migodini, wakahama. Binti alituma picha: makochi, friji, bomba la maji ndani ya jiko. Nilizionyesha picha zile bandani mpaka kioo cha simu kikapata mikwaruzo.

Mimba yake ya kwanza ilitoka ikiwa imeingia mwezi wa saba. Tulilia kwa simu, kila mtu upande wake. Aliposhika ya pili, na mwezi wa saba unakaribia tena, mume wangu aliniita ndani.

"Nenda ukaone wanaishije," alisema. "Kama wanaishi vizuri kuliko sisi, mwache ajifungulie huko huko. Kama hapana, rudi naye."

"Nitapimaje?"

"Wewe mama yake. Utajua."

Nilifunga maharage ya Njombe, unga wa ulezi kwa ajili ya uji wa mzazi, kanga na rozari yangu. Nikapanda basi la Tunduma, nikavuka mpaka, nikapanda jingine. Njia nzima niliomba kitu kimoja: Mama Maria, nionyeshe mwanangu azalie wapi.

Nyumba niliikuta kama kwenye picha. Sakafu ya marumaru. Choo ndani. Jiko lina bomba. Friji refu kuliko mimi. Nikafikiria nyumba yetu Makambako, tofali za kuchoma tulizozichoma wenyewe, bomba uani, choo mbali unakokwenda na koti. Nikaona swali la mume wangu limejibiwa kabla sijavua viatu.

Mkwe alinisalimia akiwa nje. Alichuchumaa mbali na mlango, akapiga makofi polepole kama wanavyosalimia kwao, macho chini. "Karibuni, mama." Akaondoka. Nilifurahi. Kwetu pia wazee walikuwa hivyo, mkwe hakai na mama mkwe, hali naye, na wakikutana njiani mkwe anaacha njia mpaka mama apite. Vijana wa siku hizi wanakaa na mama mkwe kochi moja wanaangalia mpira. Huyu alishika mila.

Sasa nyumba yenyewe ilikuwa na vyumba viwili tu, ya kupanga, na mama mkwe halali paa moja na mkwe. Binti alinitafutia mahali kwa jirani, mjane anayeuza dagaa wakavu. Mjane huyo alizaliwa Nakonde, pale mpakani, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kinakwenda mbio kisha kinakwama. Aliniita Bamayo, yaani mama, ingawa amenizidi umri. Asubuhi nilikwenda kwa binti nikakuta mkwe ameshatoka kwenda kazini. Jioni nilirudi kwa mjane kabla hajaingia. Hivyo ndivyo tulivyoishi, mimi na yeye tukipishana kama jua na mwezi.

Mjane alipenda kunichokoza. Siku ya kwanza nilisonga ugali, akaubonyeza kwa kidole.

"Bamayo, hili tofali. Mkigombana huko kwenu mnarushiana?"

"Na wenu huu ni uji umechoka kutembea," nikamjibu, "umeamua kukaa."

Alicheka mpaka akafuta macho kwa kitenge. Kisha akaanza kunihoji. Nyumba yako Makambako ya kupanga? Nikamwambia yetu. Shamba? Lipo, Njombe kwa mama. Mahindi mnanunua? Sijawahi kununua mahindi tangu nizaliwe. Choo?

"Nje."

"Kwenye baridi hiyo mnayosema?"

"Nje."

Akatikisa kichwa. "Basi nyie ni matajiri mnaokojoa nje, na sisi ni maskini wenye choo ndani."

Nilicheka, sikulibeba neno lile. Lakini siku zilivyokwenda nilianza kuona vitu. Bomba la jiko lilikauka mchana kutwa, na maji yalipotoka yalitoka wakati watu wamelala. Umeme ulikuwa vivyo hivyo. Mwaka ule mvua ziliwakatalia, mabwawa yakashuka, taa zikawa za kungojea. Binti alipikia mkaa uani, nyuma ya jiko lake la umeme. Unga alinunua wa kupimiwa kwenye mifuko midogo, wa mlo mmoja. Nyanya moja. Kitunguu nusu. Mimi ninayepima viazi kwa debe nilisimama pale gengeni nikaona aibu kwa niaba yake, yeye wala hakuona kitu, ameshazoea.

Siku moja nilitaka kuhifadhi mboga, nikafungua friji. Ndani kulikuwa na nguo za mtoto. Vishati, soksi, kofia za sufu, zimekunjwa vizuri kwenye kila rafu, na pale pa mayai kuna sabuni ya mtoto. Binti alikuja nyuma yangu akafunga mlango taratibu.

"Mende hawaingii humo," alisema. "Na linafunga vizuri."

Nguo zile zilikuwa za mimba ya kwanza. Nilizijua, kofia nyingine nilifuma mimi.

Hata hivyo zahanati ilinituliza. Ilikuwa karibu, tulikwenda kwa miguu. Nesi alimjua binti yangu kwa sura, akamgombeza kwa kukonda, akampima, akampa vidonge bila kumdai chochote. Nilijaribu Kiingereza changu cha madarasa ya jioni, nikamwuliza kama mtoto yuko salama. Akanijibu taratibu, kwa heshima, akanishikisha tumbo mahali kichwa kilipo. Kwetu sijawahi kupata nesi wa hivyo. Nikajiambia, friji ni friji, lakini mwanangu ana nesi, na ana mume anayetoka alfajiri kwenda kazini. Siku hiyo hiyo nilimpigia mume wangu.

"Wanaishi vizuri," nilisema. "Maji na umeme vinasumbua, lakini mkwe anafanya kazi. Tumwache azalie huku."

"Umehakikisha?"

"Nimehakikisha."

Jioni, kwenye rozari nyumbani kwa mjane, nilimshukuru Mungu kwa kazi ya mkwe wangu, kama nilivyofanya kila jioni tangu nifike. Mjane aliitikia kwa sauti ndogo.

Asubuhi yake nilimsindikiza sokoni. Kwenye kona wanakoshusha mkaa kulikuwa na lori, na vijana wanabeba magunia kuyapeleka vibandani. Mmoja alikuwa mkwe wangu. Nilimtambua kwa mabega. Aliponiona aliweka gunia chini, akaingia kichochoroni, akasimama uso ukutani, mgongo kwangu, akingoja nipite. Nilipita nimeinamisha kichwa kama inavyotakiwa. Moyoni nikasema, tazama, kabla ya kazi anapitia kununua mkaa wa nyumbani, na hata hapa sokoni penye vurugu hajasahau adabu.

Mjane alikuwa ananitazama.

"Unatabasamu nini, Bamayo?"

"Mkwe wangu. Umeona alivyoniachia njia?"

Tulivuka barabara. Akaweka beseni lake la dagaa chini.

"Siku ile alipokupigia makofi pale nje, ile ilikuwa heshima. Hii ya leo ni aibu. Karakana imefungwa, Bamayo. Hakuna umeme, migodi imepunguza watu, nani atamlipa fundi? Anabeba mkaa. Wakati mwingine hakuna hata mkaa, anakaa kule nyuma ya kanisa mpaka giza, akingoja wewe utoke nyumbani kwake."

Nilisema, "Binti yangu anajua?"

"Ndiye aliyenikataza kukwambia. Lakini wewe kila jioni unashukuru kwa kazi ya mkwe wako, na mimi naitikia Amina. Nimechoka kuitikia jambo ambalo halipo."

Nilirudi kwa binti peke yangu. Nilimkuta anapepea mkaa. Sikukaa.

"Mumeo anabeba magunia."

Aliendelea kupepea. "Mama, ulikuja kunitembelea au kunikagua?"

"Baba yako alinituma nione."

"Basi umeona."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningemwambia nani? Makambako nzima inajua nimekwenda kula maisha. Wewe mwenyewe ulionyesha picha mpaka kwa wateja." Akaacha kupepea. "Na usiseme ile mimba ilitoka kwa sababu ya njaa. Kazi ilikuwepo wakati ule. Tulikula nyama. Ilitoka tu."

Nilitaka kumjibu, nikaona mikono yake. Ilikuwa mikono ya mtu ambaye hali. Nikamwambia afungashe, tunarudi wote. Akasema hamwachi mume wake. Nikamwambia mwezi wa saba unaingia. Akasema anajua mwezi, na kwamba nikimwondoa, mume wake hatakuwa na sababu ya kurudi nyumbani jioni, mimi nipo au sipo. Nilikwenda nikakaa kwa mjane na rozari mkononi, sikuisali.

Mjane ndiye aliyenifungua macho. Aliniuliza kama sisi tulishawahi kumwingiza mkwe. Sikuelewa. Akanieleza kwamba kwa Wabemba mahari haimalizi. Iko siku ndugu wa mke wanapika vyungu, wanamkaribisha mkwe, anakula chakula cha mama mkwe, na kuanzia hapo anaruhusiwa kukaa naye na kusema naye uso kwa uso. Asipoingizwa, atamkimbia mama mkwe maisha yake yote. Sisi tulipokea mahari, tukaimba, tukadhani tumemaliza. Kijana wa watu miaka yote amesimama nje ya mlango wetu, na hatukujua kwamba mlango ni sisi.

"Wanapika nini?"

"Vyungu vingi. Kuku lazima."

"Sina kuku. Nina maharage."

Alifikiri. "Yametoka mbali. Yamevuka mpaka na pasipoti. Tuyahesabu kuku."

Nilipika maharage ya Njombe siku hiyo, nyumbani kwa binti, na ugali wangu wa tofali. Mjane alimfuata mkwe nyuma ya kanisa, sijui alimwambia nini, akamleta. Alikuwa amenawa lakini mkaa ulibaki kwenye mikunjo ya shingo. Alichuchumaa mlangoni. Nikambebea sahani, nikapiga magoti kidogo, nikasema, "Baba, ingia ule. Mama yako nimechelewa." Aliingia. Alikula upande upande, kama mtu anayekaa kwenye kiti ambacho si chake, binti yangu amesimama jikoni ameshika ukingo wa friji.

Alipomaliza nilimwambia wazi: nataka binti yangu akazalie kwetu, na hataki kukuacha.

"Asiniache," alisema. Ndiyo mara ya kwanza alinitazama. "Mama, mkimchukua, hapa sitabaki na kitu."

"Basi njoo na wewe. Shamba lipo Njombe, kwa mama yangu. Kuna parachichi, kuna viazi. Sehemu ya kulala ipo."

Nilipomaliza kusema nikajuta, maana kwetu mwanaume anayekwenda kuishi kwa wakwe ni mtu wa kusimuliwa kwenye vilabu vya pombe. Nilingoja akasirike. Yeye akafikiri, akasema babu yake alilima kwa baba mkwe wake kwa miaka, kwamba zamani kwao hivyo ndivyo mwanaume alivyoonyesha kuwa mwanaume.

"Kwetu si aibu," alisema. "Kwenu?"

Nilitoka nje na simu. Nilimpigia mume wangu, nikamwambia niliyomwambia jana hayakuwa kweli, na nikamweleza tunakuja watatu.

"Mwanaume mzima aje kulishwa?"

"Aje kulima."

"Watu watasema."

"Watasema mjukuu akiwa hai."

Nesi alimpima, akasema safari ya sasa ataiweza, ya mwezi ujao hapana. Waliuza makochi na friji. Nguo za mtoto tulizihamishia kwenye begi langu, kwenye nafasi ya maharage.

Mtoto alizaliwa Njombe, msimu wa baridi kali, ukungu hadi saa za mchana. Ni msichana. Hospitalini tuliambiwa twende na beseni, glavu na mpira wa kutandika, na nesi hakutuuliza jina zaidi ya mara ile ya kuandika, lakini mtoto alilia mara moja, kwa nguvu, na mama yangu akachochea moto jikoni, akakoroga uji wa ulezi. Mimi nimebaki shambani kumtunza mzazi, na binti amenenepa. Chakula kipo, hatupimi kwa mfuko. Nikienda Makambako, kina mama wa jumuiya wananiuliza, sasa mwenzetu, wapi kuna maisha mazuri, kule au huku? Wanataka neno moja, kama mume wangu. Nawaambia huku tunashiba. Wanasema si tulijua. Halafu nikisogea nasikia wanacheka, "Yule mume wa kuletewa hajambo?"

Hajambo. Anachimba mashimo ya parachichi kuliko kijana yeyote wa pale. Anavaa makoti mawili. Jioni anasikiliza habari za kwao kwenye simu, kama mvua zimenyesha, kama umeme umerudi. Binti hajazitoa nguo za mtoto kwenye begi. Anachukua ya leo, anafua, anakunja, anairudisha begini. Nimemwambia kabati lipo. Anasema ndiyo, mama.

Mume wangu akija shambani kutoka Makambako anasalimia kila mtu, mkwe anamsalimia mwisho. Chakula anaomba aletewe ndani, peke yake.

Na jambo linaloninyima raha ni hili. Mkwe nilishamwingiza. Alikula maharage yangu, akanitazama machoni, kwa mila yao hana sababu tena ya kunikwepa. Lakini tukikutana kwenye kinjia cha shambani anaweka jembe chini, anaacha njia, anasimama kwenye miti, mgongo kwangu. Siwezi tena kuuita adabu mgongo ule. Mjane alishanifundisha.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimembeba mtoto, yeye anatoka kuchimba. Akaacha njia. Na mimi nikaacha. Nilimfuata mpaka kwenye miti, kanga inanasa kwenye vijiti, nikamzunguka nikasimama mbele yake. Nikamfungua mtoto mgongoni.

"Baba, mshike."

Alimpokea, macho chini. Nilichukua jembe lake nikaliweka begani. Tukarudi hivyo, mimi mbele, yeye nyuma na mtoto.

Mume wangu alikuwa mlangoni, amefika kutoka Makambako. Alitazama jembe begani kwangu. Akamtazama mkwe na mtoto wake. Akaingia ndani, na kutoka ndani akasema aletewe chakula.

Nilisonga ugali. Nikautia wote kwenye sahani moja, mboga pembeni, nikaweka mkeka nje pale penye jua kidogo. Nikamwita mkwe akae. Kisha nikashika birika la maji ya kunawa, nikasimama mlangoni kwa mume wangu, nikamwambia chakula kiko nje. Maji yalikuwa ya moto, yanatoa mvuke. Nilisimama pale nimeshika birika, nikingoja anyooshe mikono.